Mgeni wa Kumi na Nne

"Mimi si kizibo, baba! Chupa ikikosa kizibo ndio mnanikumbuka?"

"Punguza sauti."

"Sipunguzi! Hapa si kule kwenye nyumba kubwa. Hapa jikoni kwa mama, mtu anaruhusiwa kupiga kelele."

"Nimesema punguza sauti, Clement. Mama yako amelala."

"Silali," sauti ya Hester ikatoka chumba cha pili, na nyuma yake kikohozi kirefu, kile cha kukwaruza kama mtu anaburuta kiti sakafuni. Kilipokwisha akasema, "Nani atalala mnavyobweka kama mbwa wa mawindo? Endeleeni tu, nasikia vizuri."

Enoch Pinnock alisimama mgongo umeelekea mlango, kofia mkononi, jasho shingoni. Alikuwa amekimbia. Mtu wa miaka sitini na mitatu, koti lake refu jeusi la kazi likipepea nyuma, kakimbia njia nzima ya kokoto kutoka nyumba kubwa mpaka nyumba ya getini. Miaka thelathini na moja alikuwa msimamizi mkuu wa watumishi pale Hallowdene, milango yake, mvinyo wake, meza yake, na hakuna aliyewahi kumwona anakimbia. Wasichana wa kufua walimwona leo, wakadhani moto.

Haukuwa moto. Kanali mmoja, mgeni wa chakula cha usiku, alikuwa ameanguka kutoka kwenye farasi asubuhi hiyo, akatuma telegramu ya kuomba radhi. Watu wa mezani kumi na wanne, pamoja na mwenyeji, wakawa kumi na watatu. Na Bibi Averil, mwenye nyumba, hakai mezani kumi na watatu, wanasema wa kwanza kuinuka hufa mwaka huo. Mwaka ule walipokaa kumi na watatu, marehemu mumewe alikuwa wa kwanza kuinuka kitini, na kabla ya Krismasi wakamzika. Tangu siku hiyo afadhali umwage supu mapajani mwa askofu kuliko kukosea hesabu ya viti.

Wakatafutwa majirani. Mmoja yuko London. Mwingine watoto wake wana matubwitubwi. Padri yuko kwenye orodha tayari. Ndipo bibi akakumbuka kwamba Pinnock ana mtoto wa kiume, mwalimu wa Kilatini huko Shrewsbury, kaja kumwona mama yake likizo fupi, na kwa vile mkuu wa shule huwakaribisha walimu wake chakula mara moja kwa mwaka, ana suti nyeusi ya jioni.

"Sawa, nikae," Clement akasema. "Tuseme nakaa. Na hilo jina? Hartley! Hartley ndio nani?"

"Ni jina tu. Rafiki wa mpwa wake bibi."

"Na Pinnock ni nini? Ugonjwa? Unaambukiza?"

"Kuna Jenerali pale mezani," Enoch alisema taratibu. "Akijua amekalishwa meza moja na mtoto wa..."

"Malizia."

"Atahisi katukanwa."

"Na wewe? Wewe unahisi nini, baba? Au hiyo haimo kwenye orodha?"

Enoch aligeuza kofia, akaiangalia ndani kana kwamba jibu limeshonwa humo. Tokea mwezi wa tatu alikuwa anabeba jambo moja. Krismasi hii anastaafu. Nyumba ya getini ni ya kazi, si yake. Kazi ikiisha na nyumba imeisha, na meneja wa shamba anaitaka kwa ajili ya dereva wa gari jipya. Daktari alishasema kifua cha Hester hakihimili kuhamishwa msimu wa baridi, na vyumba anavyoweza kupanga mstaafu kule kijijini vina unyevu, ukuta ukiupapasa mkono unatoka na maji. Enoch aliomba mwezi wa tatu. "Tutaona, Pinnock." Akaomba mwezi wa saba. "Tutaona." Leo hakuomba. Leo bibi mwenyewe, baada ya kumtuma habari ya Clement, alisema huku akinusa ua: "Njoo kesho asubuhi tuzungumze ile nyumba ya getini. Nina hakika tutaelewana."

Akamweleza mwanawe hivyo hivyo, maneno machache.

Clement akacheka, kicheko kikavu. "Kwa hiyo mimi ndio kodi."

Mlango wa chumba ukafunguka. Hester alikuwa amejifunga shuka begani, uso mweupe kama unga, lakini mkononi ana shati. Shati lenyewe lilikuwa limeshatiwa wanga. Alikuwa kaamua zamani, wenzake wanapiga kelele tu.

"Pasi iko motoni," alisema. "Clement, toa ile suti uitungike ipigwe na upepo, inanuka chaki."

"Mama, umesikia wanataka niitwe nani?"

"Nimesikia. Utakula kwale, utakunywa mvinyo, utarudi hapa ulale. Kuna watu wamefanya mabaya zaidi kwa ajili ya paa."

Hakubishana tena. Kwa baba angebishana mpaka kuche. Kwa mama, akatoa suti.

Enoch alishukuru kimoyomoyo, lakini midomo yake ikaanza kazi, hakuweza kuizuia. "Usiniangalie nikipita. Usiseme asante, mtu hamshukuru mtumishi mezani. Sahani usiinyanyue kunirahisishia. Bibi akigeuka kuongea na wa upande wa pili, na wewe geuka, hata kama uko katikati ya neno. Na usikae kimya sana. Mgeni akikaa kimya, meza nzima inamwangalia."

"Najua, baba. Hayo nimeyajua kabla sijajua kusoma."

Ni kweli. Enoch alikuwa na mapumziko nusu siku kwa wiki, Jumapili mchana, na hakujua mchezo mwingine wa kucheza na mtoto. Wakikaa kwenye meza hii hii ya jikoni na vijiko vya mbao, vijiti vya kuwashia moto vikawa visu, vikombe vyenye pengo vikawa vioo vya mvinyo. Enoch akimwonyesha: toka ukingo wa meza mpaka uma, kifundo cha kwanza cha kidole gumba. Mgeni alikuwa mmoja tu, paka wa kijivu, na paka alikuwa malkia. "Supu, mtukufu?" Enoch akiinama, mkono mgongoni. Mtoto akicheka mpaka anateleza chini ya meza. Hester akisimama mlangoni na mikono ya unga, anacheka pia. Mchezo huo uliendelea mpaka Clement alipotimiza miaka tisa, akapata nafasi ya shule, akaanza kuona aibu.

*

Saa kumi na mbili jioni meza ilikuwa tayari isipokuwa macho ya Enoch kupita. Alizunguka peke yake, mishumaa haijawashwa. Kiti mpaka kiti, hatua mbili za kiatu. Uma, kisu, kijiko, vyote vya fedha, vyote kifundo kimoja cha gumba toka ukingoni. Kioo cha maji, cha mvinyo mweupe, cha mvinyo mwekundu, vimeshuka mstari kama watoto wa ukoo mmoja. Alfred, mhudumu kijana mrefu mwenye masikio makubwa, alikuwa anamfuata na kitambaa akifuta alama za vidole.

"Bwana Pinnock, ni kweli Clement anakula huku leo?"

"Nani?"

"Clement. Clement wako."

"Hakuna Clement kwenye orodha. Kuna Bwana Hartley, kati ya Bi Challis na Bi Lyle. Na ukimwona Bwana Hartley, ni mara yako ya kwanza kumwona tangu uzaliwe."

"Lakini juzi tu tulikuwa tunapiga naye mpira pale nyuma ya zizi, akanivunja..."

"Alfred."

"Ndiyo, Bwana Pinnock."

"Masikio yako yamekuwa mekundu. Kayaoshe maji ya baridi."

Saa mbili kasoro dakika kumi kengele ya mlango mkubwa ikalia. Enoch akafungua. Clement alikuwa amesimama ngazini. Alizaliwa hatua mia tatu kutoka hapo, na hakuwahi hata siku moja kupita mlango ule. Wao ni watu wa mlango wa jikoni. Akaingia. Akavua koti, Enoch akalipokea, na lilikuwa koti lake mwenyewe Enoch, la Jumapili, maana la Clement lilikuwa limeisha viwiko. Alilipokea kwa mikono miwili kama anavyopokea makoti ya manyoya.

"Jina lako, bwana?"

Ni lazima aulize. Ni desturi, na wahudumu wawili walikuwa wanatazama.

Clement alimwangalia usoni, sekunde moja zaidi ya inavyofaa. "Hartley."

Wakatembea ukumbini, mmoja mbele mmoja nyuma, viatu vya wote wawili vimepakwa rangi na mkono mmoja. Enoch akafungua sebule kubwa. Sauti yake ilikuwa maarufu katika wilaya. Haikuwa kubwa lakini ilifika kila kona.

"Bwana Hartley!"

Ilitoka safi. Hata yeye alishangaa ilivyotoka safi.

*

Supu ikapita salama. Samaki akapita. Clement alikula kama mtu aliyezaliwa na uma wa fedha mkononi, na Enoch, akizunguka na mvinyo nyuma ya viti, alihisi kitu kinachofanana na fahari kikimpanda kifuani, akakisukuma chini. Kwa Bi Challis, kikongwe kiziwi nusu, mwanawe aliongea kwa sauti ya kutosha na polepole, akaulizwa habari za miti ya matofaa mara nne, akajibu mara nne kama ndiyo kwanza anasikia. Bibi Averil, kule kichwani mwa meza, alitazama mara moja tu, akatulia.

Kisha wakaja kwale, na bibi akageuka kutoka kulia kwake kwenda kushoto. Meza nzima ikageuka, vichwa kumi na vinne kwa pamoja, kama majani yakipigwa na upepo. Clement sasa akawa uso kwa uso na Bi Lyle, msichana mchangamfu wa meno mengi, na ng'ambo ya meza yuko Jenerali.

Jenerali alikuwa ameshaanza kisa. Alikuwa na msimamizi wake, mwizi mkubwa, anakunywa mvinyo chini ghalani halafu anasema ni unyevu umeupunguza. "Unyevu! Nikamwambia, wewe unyevu una miguu miwili na pua nyekundu!"

Wakacheka. Enoch alikuwa kwenye kabati la pembeni, anapokea sinia la kwale kutoka kwa Alfred. Visa vya namna hii alivisikia kila mwaka, vinampita kama mvua juu ya bata.

"Na kwenu, Bwana Hartley?" Bi Lyle akauliza. "Kwenu mlikuwa na wa aina gani? Umekaa kimya mno, tutadhani wewe ndiye uliyekunywa mvinyo!"

Macho yakamgeukia. Jenerali akaegemea mbele. Clement akapangusa midomo kwa kitambaa, akanywa funda moja la maji.

"Kwetu tulikuwa na mmoja," akasema, "si mwizi. Maskini, laiti angekuwa mwizi. Huyu alikuwa anapima meza kwa kidole gumba."

"Kwa gumba!"

"Kwa gumba, bwana. Anainama, anafumba jicho moja, ungedhani anampima panya jeneza." Bi Lyle akacheka. Clement akamtazama, akaona kicheko kimeshika, akaendelea, haraka zaidi. "Na hayo hayakuishia kazini. Jumapili akienda kwake anapanga meza ya jikoni kwa vijiko vya mbao! Anamkalisha mwanawe, na mgeni rasmi ni paka. Naapa. Anamwinamia paka. 'Supu, mtukufu?'"

Akaigiza. Mkono mgongoni, shingo mbele, na sauti. Sauti ile ile iliyofika kila kona.

Meza ikalipuka. Jenerali alipiga meza kwa kiganja, vioo vikalia. Padri alifuta machozi. Bibi Averil, aliyejua, ambaye ndiye peke yake mezani aliyejua, alicheka kichwa kimeinama, mkono mdomoni.

"Na huyo mtoto aliishia wapi?" Jenerali akauliza.

"Sijui, bwana. Pengine mpaka leo amekaa, anamsubiri paka amalize."

Alfred, ukutani na bakuli la mboga, alikuwa ametazama sakafu, masikio yanawaka.

Enoch akaanza kuzungusha kwale. Alianza na mgeni wa heshima, akafuata mpangilio, kila mtu kwa upande wa kushoto, sinia juu ya kiganja, kiuno kimepinda kiasi. Akafika kwa Bi Challis. Bi Challis akajichukulia kipande kidogo cha kifua. Aliyefuata ni Clement, na Clement alishasogeza bega kulia kidogo kumpisha sinia, kama afanyavyo mtu mwenye adabu.

Sinia halikuja. Enoch alipiga hatua, akapita nyuma ya kiti kile, akainama kwa Bi Lyle.

Sasa, wahudumu wa nyumba kama zile wana kanuni moja: mkubwa akitangulia, wewe unakanyaga alipokanyaga. Asipomtilia mtu, yamkini mtu huyo kakataa, au daktari kamkataza, si kazi yako kuuliza. Alfred alimwona mkubwa wake amepita. Na yeye na mboga akapita. Wa tatu, na bakuli la mchuzi, akapita pia. Zamu nzima ikazunguka, na ilipokwisha watu kumi na watatu walikuwa wanakata nyama, na Clement amekaa mbele ya sahani nyeupe, ya moto, tupu.

"Hartley, huli?" Jenerali akauliza mdomo umejaa.

"Nimetosheka, bwana. Asante."

Kule kichwani mwa meza Bibi Averil alikuwa ameacha kucheka. Midomo yake ilitikisika bila sauti. Alikuwa anahesabu.

*

"Umenikalisha kumi na watatu, Pinnock."

Asubuhi, chumba kidogo cha bibi, chenye maua mengi na joto la kupita kiasi. Hakumkaribisha kukaa, hakuwahi. Macho yake yalikuwa na uvimbe wa mtu aliyekesha.

"Viti vilikuwa kumi na vinne, bibi."

"Waliokula ni kumi na watatu. Nilihesabu mara tatu. Umefanya makusudi?"

Enoch alifikiri. Alitaka kujibu ukweli, na ukweli ni kwamba hakujua. Alikumbuka Bi Challis, alikumbuka Bi Lyle. Katikati palikuwa kama ngazi inayokosekana gizani. Mguu unashuka tu.

"Sijui, bibi."

"Hujui." Bibi alisogeza chombo cha maua, akakirudisha pale pale. "Mgeni wangu ametoka mezani kwangu na njaa. Jambo hilo halijatokea hapa tangu enzi za mkwe wangu. Nimefikiria usiku kucha nikufanye nini, na nimeona nisiwe mkali. Utamwandikia Bwana Hartley barua ya kuomba radhi. Kwa mkono wako. Iwe mezani kwangu kabla ya chakula cha mchana."

"Bwana Hartley, bibi?"

"Ndiye uliyemkosea, siyo?"

"Itapelekwa anwani gani?"

"Hilo niachie mimi." Hakutabasamu. Hakuwa anatania, alitaka jambo lifutwe, na kwake jambo hufutwa kwa karatasi. "Meneja atakuja mchana kutaka jibu la nyumba ya getini. Ningependa nikiongea naye niwe na barua mkononi. Chakula ni cha watu sita."

"Ndiyo, bibi."

*

Clement alikuwa anafunga begi juu ya meza ya jikoni. Hester amekaa karibu na moto, miguu juu ya kigoda, mikono imelala mapajani bila kazi, jambo ambalo si la kawaida yake. Enoch alieleza yote akiwa amesimama. Akaweka mezani karatasi aliyopewa, nzuri, nzito, yenye nembo ya Hallowdene.

"Usiandike," Clement alisema.

Enoch akavuta kiti.

"Baba, usiandike! Umesikia lakini? Anataka umpigie magoti mtu ambaye hayupo!"

"Jana hukuwa na shida naye. Mlipatana vizuri sana."

"Aa, sasa tunafika." Clement akaacha begi. "Sema basi. Tangu jana husemi. Umerudi usiku, umenipita hapa kama ulivyonipita kule. Sema!"

"Paka," Enoch akasema. Sauti ilikuwa ndogo. "Ulimpa Jenerali yule paka."

"Ulitaka nimpe nini?"

"Chochote! Dunia nzima, Clement. Visa vyote vya dunia."

"Visa gani? Vya nani? Wewe ndiye uliyeniambia nisikae kimya! Nikaangalia pale, watu kumi na watatu wananitolea macho, msichana ananiuliza kwetu kukoje. Mimi sina farasi, baba. Sina mjomba India. Mimi nina paka na vijiko vya mbao. Ndicho nilichokuwa nacho! Nilitia mkono mfukoni nikatoa kilichokuwemo!"

"Ukatucheka nacho."

"Nikawachekesha. Kwa ajili ya hili paa hapa juu. Nilikaa kama mlivyotaka, nikaitwa mlivyotaka, nikala mlivyotaka, mpaka hapo uliponinyima chakula. Nani aliharibu? Mimi au wewe?"

Enoch alifungua kichupa cha wino.

"Wote wawili," Hester alisema kwenye moto. Hakugeuka. "Mmeharibu wote wawili, kila mtu na heshima yake kifuani kama medali. Na wa kwenda kulala kwenye ukuta wa maji ni mimi." Akakohoa. Wakasubiri. Ilichukua muda, na walipomwangalia alikuwa ameshika ukingo wa kiti kwa mikono miwili. "Mimi nilimpenda yule paka," akasema alipopata pumzi. "Nilidhani ni jambo zuri tulilokuwa nalo. Sikujua kama litakuja kugombaniwa. Andika, Enoch. Ni wino tu."

Kalamu ikaanza. Enoch alikuwa na mwandiko mzuri, wa kujifunza mwenyewe kwa kunakili lebo za mvinyo. Clement akaja nyuma ya bega lake, akasoma.

*Kwa Bwana Hartley. Bwana, jana jioni, kwa uzembe wangu mwenyewe na si wa mwingine yeyote, hukuhudumiwa kama anavyostahili mgeni wa nyumba hii. Sina udhuru. Naomba kwa unyenyekevu...*

"Baba."

Kalamu iliendelea.

"Baba, niko hapa. Aliyekosa chakula ni mimi, niko nyuma yako. Niambie mimi basi. Kwa mdomo, mara moja. Halafu andika unachotaka, na mimi nitakwambia la kwangu. Ninalo la kukwambia."

Enoch alifika mwisho. Akaandika *Mtumishi wako mtiifu, E. Pinnock*. Akakausha wino, akakunja karatasi mara tatu, sawasawa, akipitisha ukucha kwenye kila mkunjo.

"Barua ni ya Bwana Hartley," alisema.

"Hartley hayupo!"

"Yuko. Nilimtangaza mwenyewe. Watu kumi na watatu walimwona, alikuwa kijana mzuri, mwenye maneno." Akainuka, akatia barua mfuko wa ndani, akavaa kofia. "Mwanangu mimi sikumwona pale mezani. Ningemwona ningemtilia chakula."

Clement alirudi kwenye begi, akaanza kuchomeka shati, lile lile la wanga, ambalo halikutaka kukunjika. Akalisukuma kwa ngumi.

Hester alitazama mmoja, akatazama mwingine. "Enoch. Treni yake saa nane. Utakuwa umerudi?"

"Kuna wageni sita mchana."

"Basi muage sasa."

Enoch alikuwa ameshika komeo la mlango. Nje mvua ilikuwa imeanza, nyembamba, ya siku nzima. Alisimama pale kitambo, bega limeinama, na Hester akadhani atageuka.

"Mwambie mwanao achukue lile koti la Jumapili," alisema. "Lake halifai kwa mvua hii."

Akatoka, akaufunga mlango nyuma yake.